Uso wa Kuazima

Jumanne, theluji ikiyeyuka Milwaukee,
Renelda alibisha mlango wangu wa nyuma
kama mtu aliyeishiwa sukari.
"Halina," alisema, akitazama viatu vyake,
"kesho utatuazima uso?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Mthamini wa kwanza aliikuta nyumba na wenyewe ndani.
Dola laki moja na themanini na nane elfu.
Eti mtaa una mambo yake.
Mtaa ni huuhuu. Mimi nakaa mlango wa tatu.

Usiku tukaishusha familia ukutani:
babu yake Thaddeus na sare zake za jeshi la majini,
harusi, mahafali,
Joelle wa miaka sita, kapengo kinywani,
wote tukawalaza kifudifudi chini ya blanketi
kama watu wanaosubiri msako upite.
Vitabu fulani vikaingia kabatini.
Mafuta ya nywele. Chanuo. Kilemba cha hariri cha kulalia.
Nikaleta wangu: shangazi Jadwiga na mbwa wake,
marehemu mume wangu, mwekundu kwa jua.
Misumari ilikuwa tayari. Iliwapokea bila swali.

Asubuhi nikafungua mlango usio wangu.
Mthamini wa pili, kijana mpole,
alivua viatu bila kuambiwa,
akasifu kahawa, akamsifu na mbwa.
Akapima vyumba vilevile,
akaupita ufa uleule wa bafuni.
"Umeitunza vizuri," aliniambia,
mimi ambaye sijapiga deki pale hata siku moja.
Nikajibu, "Asante."

Asante hiyo ingali kooni.

Laki mbili na sitini na moja elfu.

Wanasema nguo ya kuazima haisitiri matako.
Uso wangu ulisitiri nyumba nzima,
paa, uzio na gereji.

Tangu hapo usingizi haunijii, nahesabu milango:
karani aliyenipa mkopo kabla sijamaliza sentensi,
askari wa barabarani, "Haya, polepole, mama,"
mlinzi wa duka ambaye hajawahi kuutazama mkoba wangu.
Nilidhani ni bidii.
Nilidhani ni adabu niliyofunzwa nyumbani.
Kumbe miaka yote nateremka mlima
huku nikijisifu kwa mbio.

Na hakuna aliyemtukana Renelda.
Hilo ndilo linalonitisha.
Wote watu wema, wenye kalamu na tabasamu,
na katikati yao
elfu sabini na tatu zimepotea, hazina mwizi.

Joelle alirudi shuleni kabla hatujamaliza.
Akasimama na begi mgongoni.
"Yule bibi anafanya nini mahali pa babu?"

Mama yake hakujibu. Nami sikujibu.
Renelda aliipangusa fremu kwa mkono wa sweta,
akamrudisha mzee msumarini.
Ikakaa upande kidogo.
Nilinyoosha mkono niiweke sawa.

"Iache," alisema.