Kura Moja

Novemba, Caribou, theluji imeziba mlango wa nyuma.
Bi Odile Pelkey asoma nambari ya lakiri kwa sauti,
naiandika. Mkasi. Sanduku lafunguka.

Daftari lasema mia nne na kumi na mbili.
Tumehesabu mara mbili: kumi na moja.

Hakuna anayekwenda nyumbani.
Kahawa imepoa. Mawakala wa vyama
wanatutazama vidole.

Saa sita kasoro, ndani ya bahasha ya posta,
karatasi imeng'ang'ania gundi.
Bi Odile afunika jina kwa kiganja,
aivuta polepole:
kiduara kimejazwa wino hadi nje ya mstari,
mkono uliotetemeka.

Haikubadili mshindi.
Akata moja, aandika mbili,
sote twatia sahihi, lakiri mpya.

Nje, akwangua barafu kwenye kioo cha gari
kwa kadi ya maktaba.