Fundi wa Chokaa Mbele ya Theluji

Nilikuja kuziba ufa, Bi Thureya,
mwiko mkononi, chokaa ndooni.
Picha ya Urusi mmeiegemeza kitini:
uwanda, miti myembamba, theluji.

Mimi naujua weupe. Nimeuchoma tanurini,
nimeulaza shimoni miezi.
Lakini huu,
kivulini una buluu ya chokaa mbichi;
penye jua, samli;
na pale mkokoteni ulipopita
zambarau iliyochujuka, kama kanga ya kudekia.

Rangi imerundikana, ina kingo.
Huyu hakupaka: alikandika,
akakwangua kwa kisu,
akaondoka pakiwa na makovu.

Nisamehe, kidole kilienda chenyewe.
Si baridi.
Yaparuza tu, kama kuta za Mkomani
kabla hatujaambiwa tuzilainishe.

Ufa nimeuziba.
Msasa sikupiga.