Herufi Nne

Mwaka ule wa bei, ukuta huu niliuandika mwenyewe:
NYUMBA HII HAIUZWI,
rangi nyekundu, brashi ya inchi tatu,
na chini yake, kwa herufi ndogo, OGOPA MATAPELI.
Mama Ntakije alisimama nyuma yangu akisoma kwa sauti
kama anayeitikia dua.

Katonga ilikuwa imeshikwa na homa.
Kila aliyeshuka kwenye treni na miwani ya jua
tulidhani amekuja kununua ufukwe.
Kiwanja cha Bukuru, chenye choo na mpera mmoja,
kiliondoka kwa milioni arobaini, na Bukuru
akanunua pikipiki mbili, moja ya kupanda, moja ya kutazama.
Watu waliacha kusema "kwangu".
Walisema "mita thelathini kutoka majini".

Mimi nilikula kwa herufi. Mia tano kila moja.
Niliandika LOJI, niliandika BICHI,
niliandika MAJI YA MOTO SAA ZOTE
kwenye vyumba ambavyo havijapata paa.
Benki nazo zikashuka kilima na makabrasha,
zikapima kuta, zikapima hata upepo wa ziwa, zikaandika.
Mama Ntakije, aliyejenga kwa biashara ya mawese,
dumu kwa dumu, miaka kumi na minne,
akamkabidhi mwanawe hati
aongeze vyumba sita vya wageni.

Kisha ziwa likakumbuka mpaka wake wa zamani.
Halikuja kwa kishindo. Lilikuja kama mpangaji,
leo kizingiti, kesho ukumbi,
likakaa.
Mita thelathini zikawa kumi. Kumi zikawa kiatu kilicholowa.
Wageni walipiga picha, wakarudi na treni ileile.

Wa kwanza kuuza alikuwa Ruhwanya, usiku,
kwa mnunuzi ambaye hakuomba hata kuona jikoni.
Milioni mia na themanini aliyoitamba harusini
ikawa tisini, ikawa sitini na tano,
na asubuhi sote tukaamka maskini
bila yeyote wetu kuuza tofali.
Maana nyumba moja ikiuzwa kwa kilio
jirani zake hushushwa bei wangali usingizini.

Mwezi wa tisa dalali akaniita. Ana karatasi ya mnada, ina mhuri.
"Paka chokaa, andika upya."
Niliutazama ukuta, nikahesabu kwa kidole.
HAIUZWI. INAUZWA.
Saba kwa saba.
Na katikati, U na Z na W zimekaa palepale,
hazijui kilichotokea.
Nikamwambia: herufi nne tu, bosi, elfu mbili.
Akacheka, akanisifu kwa kumwokolea pesa.

Mama Ntakije alileta kigoda, akakaa, akanishikia kopo.
Safari hii hakusoma.
Aliuliza tu kama OGOPA MATAPELI itabaki.
Dalali alikuwa hajaisemea.
Nikaiacha.

Chokaa yangu ilikuwa nyepesi, maji yalizidi.
Sikukusudia. Au sijui.
Jana imenyesha mvua ya kwanza ya Oktoba
na leo nimepita pale na baiskeli.
Mlango una kufuli jipya, geni, la shaba.
Vyumba sita vimesimama majini hadi magotini,
kitanda kimoja kimebanwa dirishani
kama mtu aliyekwama akitoroka.
Mnunuzi bado. Wanasema sasa ni hamsini, na mazungumzo yapo.

Nikasimama. Nikauweka mguu mmoja chini.
Chini ya INA wekundu wa zamani unatoka,
herufi tatu, zimepauka,
lakini aliye barabarani anazisoma bila shida:
HAI.

Ninalo kopo la chokaa nyumbani, zito, halijafunguliwa.
Hakuna aliyenituma. Nikapanda baiskeli.