Taa Inayokula Kidogo

Suwedi, simama nyuma ya gari, nikanyage breki uniambie.
Mimi huku mbele sioni kitu.
Taa hizi toka hapo hazikuwa zangu,
ni za ajaye nyuma yangu.

"Ishawaka, mwalimu! Nyekundu hasa, inauma macho."

Lakini dashibodi ikalia, ti, ti, ti,
na maandishi ya Kiarabu cha Maskati
yakachomoza kwa rangi ya manjano:
taa ya breki, kushoto, imekufa.
Taa ya breki, kulia, nayo.

Gari ya marehemu baba hii,
usukani kushoto, udi haujatoka vitini.
Balbu zake za zamani zilikuwa na tumbo la kioo
na unywele mmoja ndani;
kila masika zikiungua, mara hii, mara ile,
hata trafiki wa Gombani keshanijua kwa jina.
Ndipo nikamwambia Shaame: nitie ledi, nipumzike.

Shaame akajipangusa grisi kwa kipande cha kanga
(maandishi yamefutika, limebaki neno moja, *jirani*)
akacheka kwa pua.
"Gari haina macho, mwalimu. Haitazami mwanga.
Inapima taa imekula umeme kiasi gani.
Ile ya zamani ilikuwa mlafi, inakula mpaka inachoma vidole.
Hii inakula punje mbili tatu, inashiba, inamulika.
Gari inasema: asiyekula huyo maiti."

Nikanyamaza.
Miezi mitatu nyuma, msibani Mtambile,
nilipika, nikahesabu sahani, nikakunja majamvi,
nikalipa deni la sanda dukani.
Shangazi Mize akayatazama macho yangu makavu
akawaambia wenziwe, wala si kwa kunong'ona:
"Huyu, kifo cha babake hakikumuuma."
Nao walipima.
Walitia kidole, wakakuta hapachomi.

Shaame akatoa kidude cha rangi ya dhahabu,
kina mapezi kama changu mdogo.
Rizista.
Akakiunga kwenye waya, ubavuni mwa taa.
"Hiki hakimuliki. Kazi yake kuungua tu,
huku ndani, pasipoonekana,
gari ihisi joto iridhike.
Kisiguse plastiki, kitaiyeyusha. Kifunge kwenye bati."

Changu mimi sijui nimekifunga wapi.

Ti, ti. Kimya.
Dashibodi ikawa nyeusi kama haijapata kusema neno.

"Kwa hivyo tumeihonga," nikasema.
"Tumeihonga. Elfu kumi na tano, pamoja na kazi."

Niliondoka Machomane isha imeshaadhiniwa,
mvua ya vuli inapiga, karafuu zimeanuliwa kando ya njia,
harufu imebaki nje peke yake.
Penye kona ya Ngwachani mbuzi akakatisha.
Nikakanyaga.

Nyuma yangu kulikuwa na vespa:
mwanamume, mtoto, na gunia katikati ya miguu.
Nikawaona kiooni nyuso zao zikigeuka nyekundu kwa pamoja,
gurudumu likaserereka, likashika,
gunia likainama, likakaa.
Yule bwana akaninyanyulia mkono.

Mbuzi keshapita zamani, keshaingia mihogoni.
Mvua inagonga bati juu ya kichwa changu.
Mtoto amekinga kiganja kwenye ule wekundu,
anakigeuza, anakitazama,
na mimi mguu bado uko kwenye breki.