Herufi Chini ya Boneti

Ijumaa zimeingia Malindi, Alfa tupu.
Nne zimebebwa juu ya lori kutoka Nairobi
kama maharusi wasiotakiwa kukanyaga chini,
moja imevutwa kwa kamba tangu Mazeras,
na ya Ottavia, ya kijani, imekuja kwa magurudumu yake
ikitema oili njia nzima kama mla tambuu.
Ya kumi na mbili ni yangu.
Imetoka Muyeye, mwendo wa dakika sita.

Karani wa usajili akaniuliza: ni asili?
Nikamwambia bodi ni asili,
na beji, yule nyoka anayemmeza mtu, ni asili.
Waliobaki ni ndugu wa kambo:
thamostati ya Pijo,
pampu ya Datsun,
gasketi aliyoikata baba kwenye kandambili ya kushoto
(ya kulia ilikaa mlangoni mwaka mzima ikimngoja mwenzake).
Karani hakucheka. Kwenye safu ya daraja
akaandika: mgeni.

Baba alipewa gari hili badala ya mshahara wa miaka mitatu.
Mama alikuwa anataka bati.
Baba akamwambia, bati si ndilo hili,
ila hili lina magurudumu.

Jumamosi tukashindana nyuma ya Gongoni,
kwenye tuta katikati ya mashamba ya chumvi.
Bendera ilikuwa kitambaa cha meza cha hoteli,
bado kina doa la mchuzi.
Wapakiaji wamekaa juu ya magunia, wanabashiri kwa soda,
na mmoja, simjui, ameniwekea Fanta mbili.
Gia ya tatu, ya nne.
Weupe kushoto, weupe kulia,
heroe wakainuka wote kwa mpigo
na usukani ukaanza kunitetemekea mikononi
kama mtu anayetaka kusema jambo na hathubutu.
Nikawa wa tisa.
Wawili walichemsha njiani, kwa hiyo wa tisa
si haba. Pole kwa mwenye Fanta.

Jioni boneti zote wazi,
kila mtu anamwonyesha mwenzake maini na figo.
Renzo akaniomba nimshikie tochi.
Pale kwenye ukingo wa ndani, pasipofika mvua,
nikaiona: T,
imekwaruzwa kwa msumari, na mwaka. 78.
Nikaenda kwa Ottavia, nikajifanya naulizia plagi.
T. 81.
Kwa daktari wa Kilifi: T, T, 83 na 84,
aliirudisha, labda breki.
Nikazunguka na tochi ya mtu hadi betri ikaanza kufifia.
Saba kati ya kumi na moja.
Thoya, baba yangu, aliyekuwa akisaini daftari la mshahara
kwa kidole gumba,
kumbe herufi moja alikuwa nayo.

Kwenye chakula mwenyekiti akasimama na glasi.
Akashukuru Milano.
Akashukuru hoteli, na polisi wa barabarani,
akamshukuru hata aliyeleta barafu, kwa jina.
Mimi nimeshika uma, nasubiri.
Kikombe kikatolewa. Watu wakapiga makofi.
Nikapiga na mimi; samaki alikuwa mzuri, sikatai.

Jumapili ni kuosha.
Chumvi hailali, ukiichelewesha siku mbili
unakuta mlango umekuwa chujio.
Ndoo ya kwanza, ya pili, chini ya matao ya magurudumu,
ya tatu kwenye sakafu.
Halafu nikafungua boneti yangu mwenyewe,
nikapitisha kidole ukingoni, kote, taratibu,
kama unavyopapasa nguo ya marehemu kutafuta funguo.
Hakuna.
Nikarudia kwa tochi. Rangi tu, na kutu kidogo.
Kinyozi hajinyoi, wanasema.
Wala fundi hajiandikii risiti.

Msumari ulikuwepo, kwenye mkebe, karibu.
Nikauangalia. Nikachota ndoo ya nne.

Mama katokeza mlangoni, chini ya makuti yake,
kandambili zote mbili miguuni.
Akaliangalia gari likitiririka maji,
akauliza: je, bati langu,
limevuja?