Alama ya Kidole

Shafti iliingia Shimanzi juu ya mkokoteni,
imefungwa gunia kama mgonjwa mwenye homa.
Shafti ya tagi. Pale inapokaa sili palikuwa pameliwa,
bonde jembamba la mviringo, ukipitisha ukucha unazama.
Mwenye tagi alisema mpya inatoka ng'ambo, miezi minne,
na bei yake unanunua shamba Kaloleni na minazi yake.
Fundi Mbwarali akaipima, akanyamaza,
akaandika ukutani kwa chaki: moja nukta mbili.
"Itapona. Lakini kwanza tuikwangue zaidi."

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa:
kidonda hakifungwi juu ya uchafu.
Tulikereza mpaka nyama safi ya feleji ikatokeza,
tukaiosha, tukaipasha moto itoe jasho la mafuta yake ya zamani,
kisha tukaipiga kwa chembe kali, kompresa ikilia,
mpaka mng'ao wote ukafa
ikabaki na ngozi ya papa.
"Palipo laini hapashiki kitu," fundi alisema.
"Penye makwaruzo ndipo penye meno.
Na sasa tunakimbizana. Hewa ya hapa ina chumvi,
tukichelewa hadi adhuhuri, kutu itakuwa imetutangulia.
Usiiguse, Nyevu. Wewe jina lako tu ni kutu."

Sikuigusa.
Niliizuia tu isiyumbe ilipokuwa ikipandishwa,
kidole kimoja, glavu imechanika kwenye ncha.

Waya mbili zikakutana mdomoni mwa bunduki,
umeme ukaruka kati yake, zikayeyuka,
upepo ukazipuliza zikawa mvua nyeupe.
Kila tone lilifika, likajibamiza, likawa bapa,
likaganda juu ya mgongo wa mwenzake, magamba juu ya magamba.
Kwanza nikeli, ya kushikia. Kisha feleji, pita baada ya pita,
kelele ikameza adhana ya Makupa.
Na moto wote ule, shafti yenyewe haikupinda:
ilipata joto la sufuria ya chai, basi.

Kesho yake jiwe la kusagia lilipopita mara ya tatu
kikaruka kigae.
Kidogo. Kiasi cha ncha ya kidole.

Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa.
Changu kilivunja kazi ya siku mbili.

Fundi alikiokota, akakigeuza, akainua miwani.
Nyuma yake kulikuwa na mistari, duara ndani ya duara.
"Hii saini ya nani?"
Ningeweza kusema ya Badi. Badi alikuwa hayupo.
Nikasema yangu.
"Mafuta gani?"
"Ya nazi. Shangazi alinisuka usiku."
Akakinusa, kana kwamba harufu ingesalia baada ya moto ule.
Hakunipigia kelele; afadhali angenipigia.
Aliirudisha shafti kwenye mashine ya kukereza,
akaondoa yote, na iliyoshika pia,
maana huwezi kujua iliyoshika imeshika kwa sababu gani.
"Ndoo," akaniita kwa Kimvita chake. "Washa wewe."

Mwaka wa pili sasa inazunguka huko Kilindini,
inasukuma meli zenye majina nisiyoweza kuyatamka.
Haina alama yangu popote.
Kigae ninacho mimi, ndani ya kopo la ubani,
na siku nikijiona fundi nakitoa nakitazama.

Leo ni Jumapili. Kesho kuna pampu, nami ndiye nitakayeshika bunduki.
Shangazi anatandika mkeka, anapiga goti lake: lete kichwa.
Namwambia, leo nisuke mkavu, tafadhali.
"Chuma chenu hicho kina deko," anasema,
na anachovya.