Mpanda Farasi wa Kiboriloni

Tulimkuta kabatini, siku ya tatu ya msiba,
nyuma ya vyeti vya reli na chupa ya mafuta ya nyonyo:
mpanda farasi wa udongo, kaviringishwa
ndani ya fulana ya kazi ya Mjomba Elirehema.

Alipewa na fundi mwenzake, Mchina wa saruji,
walipoagana Mlimba, tuta limekwisha.
Nakala tu, yasema karatasi kwa kalamu ya risasi,
ya wale waliozikwa na wakubwa wao
zaidi ya miaka elfu iliyopita.

Farasi ana rangi ya asali. Tandiko, kijani cha mgomba
kilichochuruzika motoni kikagandia gotini.
Kwato hazikuvishwa kioo; zimebaki udongo,
kavu, zinakwaruza meza.

Bibi Nakijwa, aliyefinyanga vyungu Usangi
kabla ya kuolewa huku,
alimgonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.
"Kaiva," akasema. Akampindua kama mtoto wa kubadilishwa nepi,
akalitafuta tundu la tumboni, akaliona, akaridhika:
asiyeachiwa pa kupumua hupasuka tanuruni.

Ngumi mbili, kila moja ina kitundu.
Wale wa kaburini walishika hatamu ya ngozi, ikaoza;
huyu aliumbwa tayari ameshika pengo.

Mjane akataka azikwe naye.
"Si ndiyo kazi yake?"
Mchungaji akakohoa. Wazee wa ukoo wakatazama viatu,
vyekundu kwa udongo wa kihamba.
Ni Bibi aliyeuliza, bila kuinua macho,
"Ampeleke wapi, mwanangu aliyezoea treni?"
Tukacheka. Kisha hatukujua pa kukiweka kicheko kile.

Jioni, Aikaruwa, wa miaka sita,
alichana gome kavu la mgomba, akalisokota,
akalipitisha ngumi hadi ngumi, hadi mdomoni mwa farasi.

Sasa yuko dirisha la jikoni, lile lisiloona mlima,
linaloona bati la jirani na kuku wake.
Kila kiangazi hatamu hukatika.
Hakuna aliyepangiwa zamu.
Jana nimesokota mimi, vibaya,
fundo limekaa upande,
utadhani farasi kaamua
kukata kushoto.